Kutoka “kuna” hadi “there is”: kutunga sentensi za kuwepo kwa Kiingereza bila kuteleza

Zitazame sentensi hizi mbili: “Kitabu kiko mezani” na “Kuna kitabu mezani.” Ya kwanza kwa Kiingereza ni “The book is on the table.” Ya pili ni “There is a book on the table.” Mwanafunzi wa Nairobi aliyefika sekondari huzipata zote mbili, lakini ukimuuliza kwa nini moja imechukua “the” na nyingine “a”, atakwambia ni mazoea. Si mazoea. Sababu imo ndani ya Kiswahili anachokizungumza tangu utotoni.

Unaposema “kiko”, kitabu unachokitaja kinajulikana tayari kati yako na unayezungumza naye, na kinachotafutwa ni mahali kilipo. Unaposema “kuna”, mahali ndipo panapojulikana, na kitabu ndicho habari mpya. Kiingereza kinagawa kazi vivyo hivyo. “There is” hukiingiza kitu katika mazungumzo kwa mara ya kwanza. Kitu kikishaingia, hutajwa mwanzoni mwa sentensi na kuelezwa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza unacho mdomoni. Kabla ya kuandika, iseme sentensi kwa Kiswahili. Ikija na “kuna”, “pana” au “mna”, tumia “there is” au “there are”, kisha “a”, “an”, “some”, “any”, “no”, “many” au namba. Ikija na “-po”, “-ko” au “-mo”, anza na nomino yenyewe, yenye “the”, “my”, “this” au jina la mtu. Katika zahanati, “Daktari yuko?” ni “Is the doctor in?” maana unamtaka yule uliyekuja kumwona. “Kuna daktari?” ni “Is there a doctor here?” na daktari yeyote atafaa. “Is there the doctor?” haisemwi, kama vile usivyoweza kubisha hodi kwa jirani ukauliza “Kuna Mama Wanjiru?” huku ukimtafuta yeye. Utauliza “Mama Wanjiru yuko?” na kwa Kiingereza “Is Mama Wanjiru in?”

“The” na majina ya watu hukubalika baada ya “there is” katika hali mbili za kila siku. Ya kwanza ni unapotaja orodha ya kujibu swali: “Who can open the gate?” “Well, there’s Amina, and there’s the watchman.” Ya pili ni unapoelekeza kwa kidole: “There’s the matatu!” yaani “Ile pale!” Hii ya pili ni “there” nyingine kabisa, yenye maana halisi ya mahali, nayo hutamkwa kwa nguvu.

“There” isiyo mahali

“There” ya kuwepo hutamkwa upesi na kwa wepesi, na haionyeshi mahali popote. Ndiyo maana “There is a bank there” si kurudia neno. Ya kwanza inashika nafasi ya kiima, ya mwisho ndiyo “huko”. Kiswahili kina “Kuna benki huko” na hakuna anayelalamika kwamba “ku-” na “huko” zimejirudia.

Ila kuna jambo ambalo Kiingereza kinakosa na wewe unalo. Ngeli ya PA-KU-MU inatofautisha mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri na ndani. “Pana shimo”, “kuna shimo” na “mna shimo” ni picha tatu, na Kiingereza kinazibwaga zote katika “there is a hole”. Usipoongeza neno, maana itavuja. “Mna nyoka” iwe “There’s a snake in there.” “Pana shimo” iwe “There’s a hole right here.” Usiache “there is” ibebe peke yake mzigo ambao Kiswahili kimeubeba kwa kiambishi.

Mpangilio wa kawaida ni “there”, kitenzi, kitu, mahali, wakati: “There will be a meeting in the church hall on Saturday at 2 p.m.” Hapo kwenye saa tulia kidogo, kwa sababu “saa nane mchana” ikiandikwa “8 p.m.” mkutano wako utakosa watu. Mahali panaweza kutangulia pale ambapo sentensi iliyopita ilipagusia: “The building has two floors. On the second floor there are three classrooms.”

“Na” inayodanganya

Kosa linalosumbua kuliko mengine hutokana na herufi mbili tu. “Kuna” ni “ku-” na “-na”, kama kwamba mahali pana mali yake. Wakati ukibadilika, “na” hujitenga waziwazi: kulikuwa na, kutakuwa na, kumekuwa na. Na kwa kuwa “kuwa na” tumefundishwa kuwa ni “have”, mtu huandika “There will have a meeting” au “In our estate has many shops.” Kiingereza hakina umiliki hapa. Kitenzi ni “be” tangu mwanzo hadi mwisho, na “have” hutokea tu ikiwa inasaidia “been”. Zishike jozi hizi kama zilivyo:

Kuna – there is, there are
Huwa kuna – there is usually, there are usually
Kulikuwa na – there was, there were
Kumekuwa na – there has been, there have been
Kutakuwa na – there will be
Kungekuwa na – there would be
Huenda kukawa na – there may be
Lazima kuwe na – there must be
Zamani kulikuwa na, sasa hakuna – there used to be

Ya mwisho ina faida ambayo wengi hawaitumii. “There was a stage here” inaeleza jana au mwaka juzi, na stendi yenyewe pengine ingalipo. “There used to be a stage here” inasema ilikuwepo kwa muda na sasa imeondoka. Katika mji unaojengwa upya kila mwezi kama Nairobi, utaihitaji.

Umoja na wingi: hapa ndipo alama hupotea

“Kuna” haibadiliki. Kuna mtu, kuna watu, kuna maji: neno ni lile lile. Kwa hiyo sikio la Mswahili halipigi kengele linaposikia “There is many people.” Kiingereza kinalazimisha kitenzi kufuata nomino inayokuja baadaye, yaani lazima ujue utataja nini kabla hujafungua kinywa. “There is a constituency called Starehe.” “There are 17 constituencies in Nairobi County.” Unapoandika, acha nafasi ya kitenzi wazi, andika nomino, halafu rudi ujaze “is” au “are”. Mbinu hii inaonekana ya kitoto, lakini inafanya kazi kuliko kukariri kanuni.

Nomino zisizohesabika ndizo mtego mkubwa. Kwa Kiswahili “maji” huchukua upatanisho wa wingi: maji mengi, maji yamejaa. Vilevile maziwa, mafuta, mavi. Kwa Kiingereza “water”, “milk” na “oil” ni umoja: “There is a lot of water on the floor.” Halafu kuna zile ambazo hapa Nairobi huongezewa “s” isiyo yake: furnitures, luggages, advices, equipments, informations. Zote ni umoja na hazina “s”. Andika “There is a lot of furniture in the house,” na ukitaka kuhesabu, tafuta kipande: “There are six pieces of furniture.” “News” ina “s” lakini ni umoja: “There is good news.” “Police” haina “s” lakini ni wingi: “There are police at the roundabout.”

Orodha mchanganyiko huwatatiza hata waandishi wazuri. Kiingereza cha kawaida hufuata kitu cha karibu: “There is a table and four chairs.” Ukiona inakwaruza, tanguliza kilicho kingi: “There are four chairs and a table.” Sentensi imepona na hakuna wa kukusahihisha. “A number of” huchukua “are”. “More than one” huchukua “is”, ingawa maana yake ni zaidi ya moja: “There is more than one way to get to Thika.” “A lot of” haina msimamo, hufuata nomino inayokuja baada yake.

Utawasikia Waingereza wenyewe wakisema “There’s two people outside.” Wanasema kweli, katika mazungumzo. Usiandike hivyo kwenye mtihani, barua ya kazi au ripoti.

Kukanusha na kuuliza

“Hakuna maji” ni “There is no water” au “There isn’t any water.” Chagua njia moja. “There isn’t no water” inakanusha mara mbili, na “There is not water” haijakamilika, kwani “not” inadai “any”, “much” au “enough” kabla ya nomino. Kitu kinachotarajiwa kuwa kimoja hukanushwa kwa umoja, na vinavyotarajiwa kuwa vingi kwa wingi: “There is no lift in the building”, “There are no chairs in the hall.”

Kwa maswali, Kiswahili hubadilisha sauti tu: “Kuna choo hapa?” Kiingereza kinageuza maneno: “Is there a toilet here?” Jibu fupi ni “Yes, there is,” wala si “Yes, it is,” na hapo mwisho hairuhusiwi kufupisha kuwa “there’s”. “Si ndiyo?” yetu haibadiliki kamwe, na ndiyo inayozaa “There is a meeting today, isn’t it?” Mkia uliofaa ni “isn’t there?”

Pale “kuna” isipokuwa “there is”

Hali ya hewa kwanza. Kuna baridi, kuna joto, kuna jua, kuna giza: zote huhama kwenda “it is”, na nomino inageuka kivumishi. “It is cold.” “It is hot.” “It is sunny.” “It is dark.” Mvua inayonyesha sasa ni “It is raining.” Ukisema “There is cold,” utaeleweka, lakini kila mtu atajua umetafsiri. Ikiwa sentensi yako ya Kiswahili ina “ni”, hapo pia ni “it is”: “Ni saa mbili”, “Ni Jumatatu”, “Ni mbali.” Lakini “Ni tatizo” na “Kuna tatizo” ni mambo mawili: “It is a problem” inahukumu jambo lililokwisha kutajwa, “There is a problem” inaleta jambo jipya.

Msongamano barabarani ni “There is a lot of traffic on Mombasa Road” au “There is a traffic jam.” “There is jam” tunaielewa sisi kwa sisi, ila kwa mgeni jam isiyo na “a” ni ile ya kupaka mkate.

Sasa njoo kwenye “kuna mtu”. Kiswahili kinaruhusu “Kuna mtu anataka kukuona”, vitenzi viwili vikifuatana bila kiungo, kwa sababu “anataka” ina kiima chake ndani. Kiingereza hakiruhusu. “There is a man wants to see you” ina vitenzi viwili vinavyogombania sentensi moja. Ongeza kirejeshi: “There is a man who wants to see you.” Au, kama ni tendo linaloendelea, geuza kitenzi cha pili kiwe cha “-ing”: “There is a man waiting at the gate.” Kitu kikiwa kimetendwa, tumia umbo la kutendwa: “There are three cars parked outside.” Vitenzi vya hisia na matakwa, kama “want”, “know” na “need”, havipendi “-ing” hapa, hivyo virudishie “who” yao.

Kwa mantiki hiyo hiyo, “There was an accident happened on Thika Road” lazima ipoteze kitenzi kimoja. “There was an accident on Thika Road” inatosha.

Mara nyingine “kuna” haiingizi kitu, ni mlango wa kuanzia maneno tu. “Kuna mtu aliniambia” ni “Someone told me.” “Kuna siku nilienda Kisumu” ni “I once went to Kisumu.” Na ile “Kuna vile anaongea”, ambayo mjini huzaa “There’s how he talks,” haina njia ya moja kwa moja, kwa kuwa “how” si kitu cha kuwepo. Sema ulichomaanisha hasa: “There is something odd about the way he talks,” kama ni ajabu, au “I like the way he talks,” kama ni uzuri.

Kinyume chake kipo. “Tuko watano nyumbani” haina “kuna”, lakini kwa Kiingereza huchukua “there”: “There are five of us in the family.” “We are five” imeenea sana Kenya, nayo mgeni anaweza kuisikia kama umri wenu.

Misemo ya “hakuna” inafaa kukaririwa pamoja na mkia wake, maana mkia ndio unaokosewa. “Hakuna haja ya kulipa”: “There is no need to pay.” “Hakuna maana ya kubishana”: “There is no point in arguing.” “Hakuna ubaya kuuliza”: “There is no harm in asking.” Baada ya “need” ni “to”, baada ya “point in” na “harm in” ni “-ing”.

Adabu, sheria na kukwepa lawama

Sentensi ya kuwepo haimtaji mtendaji. Hiyo ni nguvu yake na ni hatari yake. Ukiwa dukani au ofisini na hesabu haiingii, “There seems to be a mistake in my bill” inafungua mazungumzo bila kumrushia mtu kidole, ilhali “You have made a mistake” inaanzisha ugomvi. Kumbuka “seem” hufuata nomino pia: “There seem to be two mistakes.” Lakini katika ripoti ya chama, “There has been a loss of 12,000 shillings” inamficha aliyeshika pesa. Wanachama wanastahili sentensi yenye mtu: “The treasurer cannot account for 12,000 shillings.”

Lugha ya sheria ina ladha yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 93, inasema “There is established a Parliament of Kenya,” na kifungu cha 176 “There shall be a county government for each county.” Mtindo huu unafaa ukiandika kanuni za kikundi: “There shall be a chairperson, a secretary and a treasurer.” Kwenye barua kwa mwalimu wa mtoto wako, utasikika kama unatoa amri ya serikali.

Wapi pa kuiacha, wapi pa kuiondoa

Iache pale inapoleta kitu kipya utakachoendelea kukizungumzia, na sentensi inayofuata ikichukue kwa “it” au “they”: “There is a small clinic behind the market. It opens at eight.” Hivyo ndivyo hadithi zetu zinavyofungua. “Hapo zamani za kale paliondokea…” huleta mhusika jukwaani, kisha anaanza kutenda. Ukirudia “there is” kwa kila sentensi, kila kitu kinaletwa na hakuna kinachotenda.

Iondoe pale “who”, “which” au “that” inapofuata na kitenzi cha maana kimejificha nyuma yake. “There are many students who fear English” inapungua kuwa “Many students fear English.” Vivyo hivyo “There was a decision by the committee to raise the rent” inakuwa “The committee decided to raise the rent,” na aliyepandisha kodi anaonekana.

Jaribu haya yote kwenye tangazo la ploti, la aina inayobandikwa kwenye geti:

“There is no water tomorrow. There will have cleaning of the tank and there is some people will come to fix the pump. Their is a need all tenants to store water.”

Maji ndiyo habari mpya, basi “there” yao ibaki, ila kwa wakati ujao na pamoja na saa. “Will have” inatoka. Tangi na pampu wapangaji wanavijua, hivyo vinaanza sentensi vikiwa na “the”. Mafundi hawana umuhimu kwa msomaji, wanaachwa. “Their” ni “yao”, haikuwa na kazi hapo, na haja ya kuhifadhi maji inasemwa vizuri zaidi kama ombi:

“There will be no water tomorrow, Tuesday, from 8 a.m. to 4 p.m. The tank is being cleaned and the pump repaired. Please store enough water tonight.”